Hesabu ya Ukuta

Mtu apitaye pembezoni mwa mji wowote wa Tanzania huona nyumba nyingi zilizosimama bila ya paa. Nyingine zimefika kwenye madirisha, nyingine zimefika kwenye lenta, nyingine ni msingi tu ulioota majani, na mbuzi hupumzika juu yake wakati wa jua kali. Si mahame hayo, maana wenyewe hawajapata kuhamia. Akiulizwa jirani kwa nini nyumba fulani imekoma pale ilipokoma, jibu lake huwa jepesi: fedha zimekwisha. Jibu hili ni la kweli, lakini si kweli yote. Fedha zilikwisha mahali gani, na kwa nini zikaisha pale wala si mbele yake, ni swali ambalo aghalabu haliulizwi. Umaskini una makosa mengi ya kujibu. Si haki kuubebesha na makosa ya hesabu.

Mwenye mali nyingi aweza kukosea hesabu ya nyumba yake na asidhurike sana. Matofali yakipungua ataagiza lori jingine; saruji ikizidi atampa ndugu. Lakini mwenye kipato kidogo hujenga kwa akiba ya miaka. Leo atanunua matofali 100, baada ya mavuno 200, mwaka ujao, mtoto akiisha kulipiwa ada, 50. Mtu huyu akikosea kwa matofali 400 hakukosea kwa matofali, amekosea kwa mwaka mzima wa maisha yake. Kwa hiyo haja ya kukadiria vizuri ni kubwa zaidi kwake yeye mwenye kidogo, naye ndiye ambaye makadirio hupewa kwa mdomo tu, fundi akiwa amesimama katikati ya kiwanja, amekunja mikono, akitazama majani.

Kazi yenyewe ni ya kale katika lugha ya Kiswahili. Kitenzi chake ni kuaka, yaani kujenga kwa mawe au kuta za namna hiyo, na kutokana nacho likapatikana jina la mwashi. Watu wengi siku hizi husema fundi tu, kana kwamba hapana fundi mwingine duniani ila mjenzi. Saruji nayo ni neno lililotangulia kitu ambacho sasa huitwa kwa jina hilo. Waajemi na Waarabu walikuwa na saruji yao mapema sana, na katika Oman neno hilo mpaka leo hutaja udongo uliochomwa na kusagwa, ukachanganywa na chokaa, ambao ulitumika kuakia ngome na mifereji ya maji. Saruji ya kijivu ya viwandani ni uzao wa Uingereza, ambako Joseph Aspdin wa Leeds alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake mwaka 1824. Ilipofika Afrika ya Mashariki watu wengine waliiita udongo Ulaya. Kiwanda cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, kilianza kuitoa mwaka 1966, na jina la udongo Ulaya likazidi kupoteza maana, ijapokuwa wazee hawakuliacha mara moja.

Katika miji ya mawe ya pwani, kama vile Lamu na Unguja, mwashi hakusumbuliwa sana na upana wa chumba. Boriti za mikoko zilizobeba dari ndizo zilizoamua, na kwa kuwa haziwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda, chumba aghalabu hakikupita mita 3 kwa upana, hata urefu wake uwe namna gani. Vipimo vilikuwa shibiri, dhiraa na pima, navyo vilitembea na mwili wa mwashi popote alipokwenda. Mawe ya matumbawe hayana umbo moja, kwa hiyo hayakuhesabiwa moja moja. Yalikadiriwa kwa fungu, na chokaa kwa tanuru. Hesabu ya tofali moja moja ilikuja pamoja na kalibu, kwa maana ni kalibu pekee iwezayo kufanya kitu cha mia kilingane na kitu cha kwanza.

Walakini hapo ndipo udanganyifu wa neno ulipojificha. Mtu asemapo tofali hudhani ametaja kitu kimoja. Tofali la saruji linalotumika sana katika Tanzania huitwa la inchi 6, nalo ni la urefu wa inchi 18, kimo cha inchi 9 na unene wa inchi 6. Hiki ndicho kipimo cha kalibu ilipokuwa mpya. Kalibu ikichakaa, au mwenye mashine akitaka kupata zaidi kwa saruji ile ile, tofali hupungua nusu inchi hapa na robo inchi pale, na mnunuzi hana habari. Katika nyanda za juu za kusini, Iringa na Mbeya na Njombe, ambako matofali ya udongo huchomwa katika tanuru lililojengwa kwa matofali yenyewe, kila nyumba huweza kuwa na kalibu yake ya mbao, na tofali la mtu huyu halilingani na la jirani yake. Vitabu vya Kiingereza husema matofali 60 hutosha mita moja ya mraba ya ukuta mwembamba, na 120 ukuta mnene. Hayo ni matofali ya Uingereza, yenye urefu wa milimita 215, kimo cha 65 na upana wa 102 na nusu. Mtu wa Makambako akiitumia hesabu hiyo kwa matofali yake makubwa atachoma ya ziada. Wa mahali pengine mwenye kalibu ndogo yatampungukia. Njia ya hakika ni kuyapanga matofali 10 chini, kuyaachia nafasi ya udongo kama yatakavyoachiwa ukutani, kupima urefu wote, kisha kugawanya kwa 10. Kazi hii haizidi robo saa, na ni watu wachache mno waifanyao.

Matofali haya ya kuchoma yana sifa ambayo hayakupewa vya kutosha. Mwaka 1977, alipotazama miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watu walikuwa wakingoja saruji na mabati ilhali udongo wa kuchoma matofali na vigae walikuwa nao miguuni. Lawama yake ilikuwa ya haki, ingawa yafaa kuongeza jambo moja ambalo mjenzi wa kawaida hulijua. Ukuta wa matofali madogo una viungo vingi. Katika ukuta mnene wa matofali ya kipimo cha Uingereza, hata viungo vikiwa vyembamba, sehemu moja katika kila sehemu 5 za ukuta si tofali, ni udongo wa kuakia. Kama udongo huo ni wa saruji, faida ya tofali rahisi huanza kutoroka kupitia katikati ya matofali. Ndiyo sababu watu wa nyanda za juu wengi huaka kwa tope ndani, na saruji kidogo huipaka kwenye viungo vya nje tu ili mvua isiyachimbe. Wapitao hudhani huo ni unyonge. Ni hesabu, tena hesabu nzuri.

Katika Morogoro alikuwako mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke, ambaye baada ya kustaafu alipokea kiinua mgongo chake na kukusudia kujenga. Kiwanja alikuwa nacho tangu zamani, upande wa chini ya milima ya Uluguru, na mpaka siku hiyo alikuwa akipanga chumba. Karibu na kiwanja chake palikuwa na nyumba ya mtu mwingine aliyestaafu kabla yake, iliyofika kwenye lenta na kukoma, na mwenyewe alifariki dunia bila ya kulala ndani yake hata usiku mmoja. Mwalimu alipita mbele ya nyumba ile kila alipokwenda kutazama kiwanja.

Alimwita fundi aliyesifiwa na watu. Nyumba ilikuwa ya mita 9 kwa mita 7, na kuta za ndani zilifanya urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, kuwa mita 50. Fundi alizunguka kiwanja, akapiga hatua, akasema, "Shikamoo tena, Mwalimu. Nyumba hii inataka matofali 1,500. Saruji ya kujengea tuanze na mifuko 10, mingine tutaona mbele."

Usiku ule mwalimu alifungua daftari la mistari. Alizidisha urefu wa mita 50 kwa kimo cha mita 3, akapata mita za mraba 150. Akaondoa milango 6 na madirisha 6, ambayo yote pamoja yalikuwa mita za mraba 21 na kidogo. Zilibaki 129. Alikuwa amepima tofali na kuliongezea kiungo cha sentimita 1 kila upande, akaona kwamba mita moja ya mraba hutaka matofali 9. Jumla yake ikawa 1,161. Kati ya hesabu yake na ya fundi palikuwa na matofali 339, nayo kwa mstaafu si kitu kidogo.

Kulipopambazuka alimwonyesha fundi daftari. Hapa ndipo nyumba nyingi hukoma kabla ya kuanza, kwa maana kumwomba fundi aonyeshe hesabu yake kwaweza kusikika kama kumwita mwizi. Fundi aliliangalia daftari bila ya kulishika. "Mwalimu," alisema, "nimejenga miaka 20. Huniamini?"

"Fundi, fedha hizi hazitazaa nyingine," mwalimu alijibu. "Kaa hapa unifundishe ulivyohesabu. Kama mimi ndiye niliyekosa, nitafuta yangu."

Akakaa. Alichukua msumari akachora ardhini. Yeye hakuhesabu mita za mraba, alihesabu kozi. Ukuta wa mita 3 una kozi 13, alisema, na kozi moja kuzunguka kuta zote hula matofali 107. Matofali 107 mara 13 ni 1,391. Milango na madirisha hakuiondoa, akaongeza matofali yapatayo 100 kwa yale yatakayovunjika garini na yatakayokatwa. Ndiyo 1,500. Hakuwa mwizi. Alikuwa ameacha nafasi ya woga, kama waashi wengi wafanyavyo, kwa sababu matofali yakizidi hapana amlaumuye, na yakipungua yeye ndiye anayekaa kibaraza bila ya kazi akingoja lori.

Kwa upande wa mwalimu, hesabu yake ilikuwa safi kupita kiasi. Hapana tofali lililovunjika katika daftari lake, wala tofali lililokatwa nusu pembeni mwa dirisha. Wakakubaliana kuongeza 5 kwa kila 100, ikawa 1,220. Mwalimu akataka kuondoa mahali pa lenta, maana lenta ni ya zege na huchukua karibu kozi moja kuzunguka nyumba yote. Fundi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hayo yaache, Mwalimu. Yatapanda juu kwenye pembe tatu mbili za paa." Mwalimu alipokokotoa pembe tatu hizo aliona kwamba fundi amesema kweli kwa tofauti ya matofali 5 hivi.

Kisha likatokea neno ambalo halikutazamiwa. Mwalimu aliuliza, kwa kutaka kuifunga hesabu tu, kama msingi nao umo. Fundi alishangaa. "Msingi? Mimi nimetaja kuta." Kwake yeye kuta huanza juu ya sakafu. Kilichoko chini ya sakafu ni msingi, nao una hesabu yake, ambayo huitaja siku ya msingi. Kwa mwalimu, aliyesikia maneno "nyumba hii inataka matofali 1,500", nyumba ilikuwa nzima, tangu chini hadi juu. Msingi ule ulihitaji kozi 4 za matofali yaliyolazwa ili ukuta wa chini uwe mnene wa inchi 9, kozi 4 mara 107 ni 428, na pamoja na ya kuvunjika ni 450. Basi katika shauri moja lililosemwa na kusikiwa vizuri kabisa, fundi alizidisha karibu 300 juu ya ardhi, na mwalimu angepungukiwa 450 chini yake. Hesabu zote mbili zilikuwa sawa kwa aliyezifanya. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya neno nyumba. Jumla waliyoiandika ilikuwa matofali 1,670, na fundi aliinamia daftari akaisoma mwenyewe.

Yalibaki ya udongo. Katika kiwanja cha ujenzi udongo ni mchanga na saruji na maji, wala hauna udongo ndani yake, lakini saidia fundi akiitiwa udongo hujua la kuleta. Watu huhesabu matofali kwa sababu yaonekana, yamepangwa, yaweza kuguswa. Udongo haupangwi. Huingia ukutani kwa mwiko na hauonekani tena ila kama mistari, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa kitu kidogo.

Nao kweli ni kidogo, iwapo kiungo ni chembamba. Ukuta wa matofali ya inchi 6 wenye viungo vya sentimita 1 hauhitaji udongo unaozidi sehemu 6 au 7 katika sehemu 100 za ukuta wote. Kwa mita za mraba 129 za mwalimu yule ni mita moja na robo hivi ya ujazo. Lakini tazama waashi wengi wafanyavyo kazi: kiungo ni inchi nzima, yaani sentimita 2 na nusu. Kwa kiungo hicho mita moja ya mraba hula matofali 8 na kidogo badala ya 9, na mwenye nyumba hufurahi kuona matofali yakibaki. Udongo, kwa wakati huo, umepanda kutoka mita moja na robo hadi karibu mita 3. Katika nyumba ile ile, kiungo kinene kingeokoa matofali 100 hivi, ambayo kwa desturi ya wafyatuaji wengi yana mifuko 3 ya saruji na kitu ndani yake, kisha kingemeza mifuko 8 au 9 zaidi pamoja na karibu mita 2 za ujazo za mchanga. Na ukuta wenyewe ungekuwa dhaifu zaidi, kwa maana udongo mnene ni mahali pa kubonyea.

Lakini si haki kumlaumu mwashi tu. Kiungo huwa kinene kwa sababu tofali limepinda. Tofali ambalo upande mmoja una inchi 9 na mwingine inchi 8 na nusu haliwezi kulala juu ya udongo wa sentimita 1 na uzi usipotoke. Mwashi hana budi kulinyanyua kwa udongo mpaka pima maji iridhike. Basi aliyenunua matofali mabaya kwa bei nafuu huyalipia mara ya pili dukani kwa muuza saruji. Wafyatuaji hujulikana kwa idadi ya matofali wanayotoa katika mfuko mmoja: wapo wanaotoa 30, wapo wanaofika 50 na kuzidi, na hayo ya mwisho huanza kulika pembe yakiwa bado garini. Mwalimu alishauriwa na fundi wake akate shauri la kwenda mwenyewe kwa mfyatuaji, aliinue tofali mpaka usawa wa goti na kuliachia lianguke. La kwanza lilivunjika vipande vitatu. Walikwenda kwa mfyatuaji mwingine.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana, yaliyoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, ambayo hushikana kwa matuta na mashimo yake yenyewe na karibu hayahitaji udongo wa kuakia. Kwa mahali penye udongo ufaao ni shauri la kufikiriwa kwa moyo mweupe. Yana sharti lake: tofali la kwanza likilazwa upande, makosa hupanda nalo hadi juu, kwa kuwa hapana kiungo cha kuyafichia.

Neno jingine lililohitaji kutengenezwa ni "moja kwa sita". Kila fundi husema udongo wa kujengea ni moja kwa sita, na kila mwenye nyumba huitikia. Sita ya nini? Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, usiojaza ndoo mbili za lita 20. Toroli lililojazwa mchanga kwa kilele hubeba lita 60 au zaidi. Mahali ambapo moja ni mfuko na sita ni matoroli, mchanganyiko si moja kwa sita tena, ni moja kwa kumi, na hapana mtu aliyesema uongo. Ukuta wa namna hiyo husimama, maana kuta nyingi husimama kwa uzito na mazoea, lakini ukikwaruzwa kwa msumari hutoa vumbi. Mchanga wa haki kwa mfuko mmoja ni lita 210, yaani ndoo 10 na nusu. Fundi alisema nusu ya ndoo haihesabiki na vijana, wakaandika ndoo 10 za kujaa.

Tena lita 35 na lita 210 zikichanganywa hazitoi lita 245 za udongo. Saruji hujificha katikati ya chembe za mchanga na maji huzishusha zote, na kinachopatikana ni lita 185 hivi. Mwalimu alilijua hili siku waliyochanganya ya kwanza, alipoona lundo limekuwa dogo kuliko alivyoliandika. Mchanga wenye unyevu nao una hila yake, kwani huvimba, na lori lililojaa mchanga wa asubuhi baada ya mvua lina mchanga pungufu ya lori lile lile likiwa kavu, ijapokuwa jicho huona zote zimejaa na bei ni moja. Kwa kuta na msingi wakakubaliana mifuko 12: 7 ya kuta, 3 na kitu ya msingi, na iliyobaki kwa ajili ya udongo unaoanguka chini na ule unaokauka kwenye karai fundi akienda kula. Udongo ulioanza kukauka ukiongezwa maji huamka kwa macho tu, haushiki, na fundi huyu, kwa sifa yake, aliumwaga.

Saruji haikununuliwa yote siku moja. Mfuko unaokaa miezi katika chumba cha kupanga hunywa unyevu na kuwa jiwe, na walikuwa wanakaribia masika. Ilinunuliwa ya msingi kwanza, kisha ya kuta, na kila mara daftari lilifunguliwa na mabaki yakaandikwa. Msingi ulikula matofali 441. Kuta zilifika kwenye lenta mwezi wa pili, kabla ya mvua.

Hapo mwalimu akaanza hesabu ya plasta, na kidogo aangushe kalamu. Kuta za mita 129 zina pande mbili, yaani mita 258, na plasta ya sentimita 1 na nusu juu yake ni karibu mita 4 za ujazo: zaidi ya mara 3 ya udongo wote uliounganisha matofali ya kuta hizo, na mifuko 21 hata kwa moja kwa sita. Huko ndiko saruji ya nyumba inakokwenda, katika ngozi yake. Watu wengi wamefika hapo na kuuza mabati waliyokwisha kuyanunua. Mwalimu alikata shauri kupiga plasta vyumba viwili kwa ndani na kuacha nje kama kulivyo, viungo vikisuguliwa tu ili maji yasiingie. Majirani walisema nyumba haijakwisha. Alihamia mwezi wa Juni, chini ya bati, na nje kukabaki na matofali yake wazi.

Fundi alipokusanya miko yake alihesabu matofali yaliyobaki nyuma ya nyumba. Yalikuwa 37 mazima na nusu kadhaa. Aliomba 8 akatengeneze ngazi ya mlangoni kwake. Mwalimu alimpa 10, akaandika katika daftari 27.